Namba ya Hajji

Polisi wa Uganda wana kimashine kidogo wanachokiweka mdomoni mwa dereva ili wajue kama amekunywa. Wenyeji wanakiita kawunyemu. Kilimkamata mdogo wangu Ridhiwan Jumapili mchana, siku aliyotoka kujitambulisha kwa wakwe zake, kikasema amelewa. Ridhiwan hajaonja pombe tangu mama amzae. Nasema hivyo kwa hasira, na hasira zangu wanazijua vizuri wote wanaonunua vitenge kwangu katika soko la Base Camp, pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Naitwa Nabila. Sisi ni watu wa Kasongo, Kongo, na wazazi wetu walibaki huko chini ya udongo, kwa hiyo kwenye posa ya Ridhiwan mimi ndiye niliyekuwa baba, mama na mashangazi. Msichana aliitwa Zahida. Baba yake, Hajji Muzamiru, ana duka la vipuri vya pikipiki mjini Mbarara, na Zahida ndiye aliyekuwa akileta vipuri kambini, anaendesha pikipiki mwenyewe, gauni limefungwa vizuri na kofia ngumu juu ya mtandio. Ridhiwan ni fundi wa pikipiki. Mwaka ule aliagiza vipuri ambavyo pikipiki za Nakivale hazikuvihitaji kabisa, ndipo nikajua kuna jambo.

Hajji hakuwa na maneno mengi kuhusu ukimbizi wetu. Sharti lake lilikuwa moja: mkwe asiwe mtu wa pombe. Binti yake mkubwa aliolewa na askari wa kambi ya jeshi, bwana akawa anakunywa mshahara wote, na binti akarudi nyumbani na sufuria mbili na jicho lililovimba. Hajji aliapa kwamba mlevi mwingine hataingia kwake, na kwa hilo sikuweza kumlaumu.

Tulitakiwa kwenda Ruharo, mtaa wa Mbarara, kwenye nyumba yao, siku ya Alhamisi. Mvua ikaharibu barabara, tukafika Jumapili. Mama Jaliah, mke wa Hajji, alikuwa ametutengenezea bushera tangu tulipotarajiwa. Bushera ni kinywaji cha unga wa kimea, kizito kidogo, kitamu. Pale Mbarara hunywa watoto, hunywa wagonjwa, na mwezi wa Ramadhani hufuturia watu wa msikiti mzima. Yetu ilikuwa imetusubiri kwenye jerikeni, dumu la plastiki, nyuma ya mlango siku zote hizo, na joto lile.

Sasa, kwetu sisi ukibakiza kitu ndani ya kikombe cha mkwe umemwambia hajui kutengeneza. Kwa Mama Jaliah, kikombe kitupu maana yake mgeni bado ana kiu. Hakuna aliyewaeleza hao wawili. Ridhiwan akamaliza, mama akajaza. Akamaliza, akajaza. Mama alifurahi sana na Ridhiwan alikuwa anatoka jasho la adabu. Mimi nina vidonda vya tumbo, yangu niliiacha nusu, na Ridhiwan akanitazama kama nimetema mate sebuleni.

Tulipoondoka, mimi nikiwa nyuma yake kwenye pikipiki, alianza kuimba kaswida. Ridhiwan haimbi. Hata madrasa alikuwa anafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Nilifikiri ni furaha, maana Hajji alikuwa amesema nikahi iwe mwezi huohuo.

Kizuizi cha polisi kilikuwa pale mji unapoishia, ukielekea Kaberebere. Askari mmoja mnene, jina lake Faizo, akatusimamisha.

"Wewe, zima piki. Toa kofia. Puliza hapa. Yote, yote, usiache hewa kwa tumbo."

Ridhiwan akapuliza. Afande Faizo akakitazama kimashine, akamtazama Ridhiwan na kanzu yake nyeupe, akakitazama tena.

"Mpaka iko nane. Wewe iko kumi na moja. Umekunywa nini?"

"Sikunywa pombe, afande."

"Mimi sikusema pombe. Nauliza nini."

Ridhiwan akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Aliporuhusiwa kwa bondi, yaani dhamana ya polisi, jioni ile, nilimwambia kesho yake narudi kituoni kusema ukweli wote, jerikeni na mlango wake.

"Yaya, nakuomba, usiseme," akaniambia, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Bale ni bakwe bangu. Ule mama alinipatia kwa mikono yote mbili. Sasa nimupeleke mu tribinali, mbele ya bantu mingi, ati ni muuzaji wa pombe?"

"Na weye wakikufunga?"

"Banifunge."

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa nimemlea tangu akiwa wa kubebwa, na sasa amekuwa mwanaume kwenye jambo la kipumbavu kama hili. Lakini aliniapisha, nikaapa.

Mbarara si mji wa kuficha kitu. Hajji akapata habari kabla ya Isha, akanipigia simu.

"Mama Nabila, mimi sisikii maneno ya barabara," akasema. "Tuwache koti iseme. Koti ikisema kijana iko mlevi, hakuna nikahi. Ikisema hapana, nikahi ni Ijumaa ya wiki ileile, na mimi nachinja. Koti ndiyo inajua kweli."

Basi maisha ya mdogo wangu yakawa mikononi mwa hiyo koti, yaani mahakama, na mimi nikaanza kutafuta mtu wa kuishinda mashine. Nilikuwa na mteja mmoja, Medius, mwanamke mrefu anayependa vitenge vya rangi ya machungwa. Anafanya kazi maabara, mjini Mbarara, anapima maziwa, maji na chochote mtu anachomletea ndani ya chupa. Alisomea Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nilimkuta amevaa koti jeupe, nikamweleza kwa kuzunguka.

"Kuna kinywaji," nikasema, "cha nafaka, cha nyumba fulani ambayo siitaji."

"Bushera," akasema.

"Mimi sikusema."

"Nabila, hapa ni Mbarara. Ilikuwa ya siku ngapi?"

Nikamwambia ilikuwa ya Alhamisi. Akafurahi kuliko ilivyofaa. Akanieleza kwamba kile kimea kina sukari, na hewani kuna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa pombe, na kwamba siku ya kwanza ni uji wa watoto lakini ikikaa inaweza kuwa na pombe ya kutosha.

"Inaweza?" nikauliza.

"Inaweza."

"Mimi nataka neno la hakika."

"La hakika ni kwamba inaweza."

"Basi njoo uwaambie mahakamani kwamba mashine imekosea."

"Labda haijakosea," akasema. "Labda imesema kweli tupu. Nitakuja, ila nitasema ninachojua tu."

Nilimshukuru, na njiani nilijuta. Nilikuwa nimekwenda kutafuta shahidi wa kututetea, nikapata mtu mwaminifu.

Siku ya kesi tulijaa. Hajji na Mama Jaliah walikaa benchi la nyuma, Zahida katikati yao. Mama Jaliah alikuja na jerikeni, kwa sababu alisikia mahakama hukawia na hakutaka mtu afe na kiu. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo. Baba yake alikuwa askari, naye alikulia kambini mwa jeshi, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha gwaride.

Afande Faizo akaapa, akasema namba ya mshtakiwa ilikuwa kumi na moja. Alipoulizwa tena akasema kumi na saba. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Moja ama saba?"

"Mheshimiwa, siku ni mingi. Mimi napima watu wengi."

"Karatasi ya mashine iko wapi?"

"Karatasi ilikwisha, mheshimiwa. Lakini namba iko ndani. Hii mashine inakumbuka pumzi ya mwisho. Nyingine ndiyo tunafanya nayo kazi. Hii nimeweka kwa begi tangu ile siku, hakuna mtu amegusa."

"Vizuri. Maneno yako sitaki. Baada ya mapumziko nitaangalia hiyo namba kwa macho yangu. Hiyo ndiyo ushahidi."

Akamwita Medius. Medius akasimama vizuri, na koti lake jeupe, akaapa vizuri, na moyo wangu ukatulia, kwa muda mfupi.

"Hii mashine nasema kweli ama nadanganya?" Hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, inategemea. Mtu akipulizishwa mara moja tu haitoshi. Ningependa asukutue mdomo, angoje robo saa, apulize tena, na mashine nyingine iwe kando."

"Hiyo siku imepita."

"Ndiyo, na ni hasara kubwa."

"Jibu ndiyo ama hapana."

"Siwezi, mheshimiwa. Nikikadiria, mashine za aina hii, mara tisa kati ya kumi zinakuwa sawa."

"Madamu," Hakimu akasema, "hapa mtu hafungwi tisa kwa kumi. Anafungwa mzima, ama anaenda nyumbani mzima."

Medius akafikiri kidogo, akasema anaelewa, lakini mtu akitaka kujua kweli hana budi kurudia. Hakimu akamwambia kwamba mtu akitaka kumaliza kesi hana budi kuacha kurudia. Walitazamana bila chuki, wote wawili wakimwonea mwenzake huruma.

Kisha Hakimu akamgeukia Ridhiwan, akamuuliza kama anataka kueleza alichokunywa. Ridhiwan akatazama viatu vyake. Nilijiuma ulimi hadi nikaonja damu. Zahida alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya mtandio. Na hapo Medius, ambaye hakuapishwa na Ridhiwan, akashindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa, alikunywa bushera."

"Ulikuwepo?"

"Hapana, lakini ukiangalia dalili zote..."

"Hukuwepo, hujui. Karani, usiandike hiyo."

Karani hakuandika, lakini masikio ya benchi la nyuma hayafutiki. Mama Jaliah akainuka.

"Bushera ya nani?" akauliza. "Bushera ni mimi nilimpa. Yangu. Watoto nakunywa, sheikh nakunywa, wagonjwa ya Ruharo nakunywa. Sasa huyu nyabo, huyu mama wa koti nyeupe, anasema mimi napika pombe?"

Watu wakaanza kuongea wote pamoja. Hakimu akapiga meza, akasema hawezi kuandika makelele, na akatangaza mapumziko. Ridhiwan alikuwa amefunika uso kwa viganja. Kila alichokificha kilikuwa kimesemwa, na aliyekisema ni mama mkwe mwenyewe.

Nje, uani, Hajji alikuwa amesimama wima kama anangoja kupigwa picha. Mke wake alikuwa ametukanwa mbele ya karani.

"Lete magi," akasema.

Mama Jaliah akamimina kutoka kwenye jerikeni, kikombe kikubwa kikajaa. Hajji akanywa yote, akajifuta masharubu.

"Hii ni ya lini?" Medius akauliza, macho yakimwaka.

"Ya wiki hii," Mama Jaliah akajibu, kama vile ni sifa.

Hajji akamwita Afande Faizo. "Afande, mashine yako iko wapi? Mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe. Nimeenda Maka. Nitapuliza, na dunia itaona sifuri, na huyu nyabo ataomba bibi yangu samahani."

"Mashine ya gavumenti haiogopi mtu," Faizo akasema. Alikuwa bado ana kinyongo kwamba imesemwa ni tisa kwa kumi. Akaitoa kwenye begi.

"Ngojeni kwanza," Medius akasema. "Asukutue. Tungoje robo saa. Sasa hivi itapima mdomo, haitapima damu."

Hakuna aliyengoja. Hajji akapuliza kwa nguvu zote za mtu asiye na hatia, mpaka kofia yake ikasogea. Kimashine kikalia. Faizo akakisoma, akakigeuza watu waone.

Kumi na nne.

Ndugu wote wa msikiti waliokuja kumwona mlevi wa Nakivale walikuwa pale, na najua kila mmoja alikuwa anakumbuka magi zake za Ramadhani. Mmoja alikuwa ameshika magi mkononi wakati huohuo, akaiweka chini polepole, ukutani, kama si yake.

"Namba hii haina maana," Medius alikuwa anasema. "Hatujui chochote bado. Tusukutue, turudie." Hakuna aliyemsikiliza. Hajji alikuwa anaitazama mashine, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

Tukaitwa ndani. Hakimu akanyoosha mkono.

"Mashine."

Afande Faizo akampelekea kwa heshima zote. Alikuwa amefika katikati ya chumba alipopunguza mwendo. Niliona shingo yake inabadilika rangi.

"Namba nasoma kumi na nne," Hakimu akasema. "Wewe ulisema kumi na moja, halafu kumi na saba. Hii kumi na nne ni ya nani?"

"Ya Hajji, mheshimiwa."

"Hajji nani?"

"Hajji Muzamiru. Yule wa nyuma."

"Alikuwa anaendesha nini?"

"Alikuwa amesimama, mheshimiwa. Hapo nje."

"Na namba ya mshtakiwa iko wapi?"

"Nilisema inakumbuka pumzi ya mwisho, mheshimiwa."

Hakimu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akaivaa. Akamuuliza kama kuna ushahidi mwingine. Hakukuwa na mwingine. Akasema kwamba ushahidi uliwekwa kwenye begi ili usiguswe, na polisi mwenyewe ameutoa na kuutia pumzi ya mtu mwingine, kwa hiyo mahakama haina namba, na bila namba haina kesi. Mshtakiwa aende nyumbani.

Medius akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Lakini mheshimiwa, jaribio lile linaonyesha kwamba huenda kweli alikuwa na..."

"Madamu, mimi sikusema hakunywa. Nimesema sikuonyeshwa. Kesi inayofuata."

Nilipiga kigelegele mahakamani na nikafukuzwa. Sikujali. Nilimkuta Hajji kwenye ngazi, peke yake, kofia mkononi.

"Hajji, koti imesema," nikamwambia. "Ulisema koti ndiyo inajua kweli."

"Koti imesema haijui." Akamgeukia Medius, aliyekuwa anatoka na mfuko wake. "Na wewe, nyabo?"

"Na mimi bado sijui, Hajji. Mpaka turudie."

Hajji akatikisa kichwa. Alikuwa amekuja kutafuta kweli sehemu mbili na zote mbili zimemrudisha mikono mitupu. Niliogopa sana pale. Niliona nikahi inaondoka, na mdogo wangu anarudi Nakivale kuagiza vipuri kwa mtu mwingine. Ridhiwan alikuwa amesimama chini ya ngazi, hathubutu kupanda.

"Kijana," Hajji akamwita. "Wewe ulijua ni bushera ya nyumba yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini hukuambia polisi? Ungesema tu hiyo."

"Mama alinipatia na mikono yote mbili," Ridhiwan akasema. "Sikuona fasi ya kumutaja mama mu polisi."

"Hata kama ungefungwa?"

"Ndiyo, baba."

Hajji aliigeuzageuza kofia mkononi mpaka nikataka kumtikisa. Kisha akavaa kofia yake, akainyoosha.

"Kama huyu iko mlevi," akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "basi mimi nimekuwa mlevi tangu nioe." Akashuka ngazi mbili, akamshika Ridhiwan bega. "Ijumaa. Baada ya swala."

Nililia, nakiri. Zahida alikuwa nyuma yetu, akaanza kucheka na kulia pamoja, na mama yake akamwambia aache kuwaonyesha watu meno.

Hajji akaagiza jerikeni limwagwe palepale. Mama Jaliah akalikumbatia.

"Kwa nini? Hukumsikia jaji? Hakuna kitu imeonyeshwa."

"Mimi nimepuliza, Jaliah. Kumi na nne."

"Nyabo wa koti nyeupe amesema hiyo namba haina maana. Mimi nilisikia."

Walibishana hivyo mpaka kwenye gari, mama akichukua kwa hakimu na kwa Medius kile kilichomfaa. Mwishowe wakapatana: bushera ya nyumba ile itanywewa siku ileile inapotengenezwa, na itakayobaki watamwagia migomba.

Nikahi ikafungwa Ijumaa. Kesho yake asubuhi, kabla hatujaondoka kwenda Nakivale, Mama Jaliah alileta bushera mpya, ya alfajiri ile, na Hajji akaionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa tamu ya mtoto. Ridhiwan sasa alikuwa ameelezwa habari ya vikombe, kwa hiyo alibakiza kidogo chini, kwa adabu ya nyumba ile. Mama Jaliah akakitazama kikombe.

"Leo hukupenda?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na majonzi.

Ridhiwan akamaliza. Mama akajaza.

Zahida ndiye aliyeendesha. Hakuna aliyemwomba, alichukua ufunguo tu, akafunga gauni lake na kuvaa kofia ngumu, na mumewe akakaa nyuma. Mimi nilifuata kwenye bodaboda pamoja na mizigo. Hatujafika mwisho wa mji, nikasikia sauti. Mdogo wangu alikuwa anaimba kaswida, kwa nguvu, nje kabisa ya mahadhi, kama Jumapili ile. Na bushera ilikuwa ya asubuhi. Nikajaribu kufikiri maana yake ni nini, na sijui, na hadi leo sijathubutu kumwambia Medius, maana atataka turudie.

Kwenye kizuizi alikuwepo Afande Faizo. Akamsimamisha Zahida, akampulizisha. Sifuri. Kisha akamsogelea Ridhiwan, ambaye alikuwa bado anaimba, amefumba macho, mikono kiunoni mwa mkewe. Faizo akamsikiliza ubeti mzima. Kimashine kilikuwa mkononi mwake.

Akakirudisha mfukoni, akafungua njia.

"Pita," akasema. "Huyu wa nyuma, mimi sitaki kujua."